Kidole ni chako, sajili ni ya nani?

Mkazi wa Ishiara, katika nyanda za joto za Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu, hutumia vidole vyake tangu alfajiri hadi machweo. Kwa vidole hivyo hushika jembe la kupalilia ndengu, huchuma muguka, hupanga maembe kwenye kreti na kuhesabu noti sokoni. Katika miaka ya karibuni vidole hivyo vimeongezewa kazi nyingine, ambayo si ngeni kama inavyodhaniwa: kuithibitishia mitambo kwamba yeye ndiye yeye.

Mnamo Novemba 27, 2025, wapigakura wa eneobunge la Mbeere Kaskazini walipofika vituoni kumchagua mbunge wao katika uchaguzi mdogo, kitu cha kwanza walichoombwa baada ya kitambulisho kilikuwa kidole. Kijana anayetafuta kitambulisho kwa mara ya kwanza huwekwa alama za vidole vyote. Hospitalini nako, tangu mwaka 2025, serikali imekuwa ikiingiza utambuzi wa vidole kwa wagonjwa walio chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Hata laini ya rununu anayotumia kupokea malipo ya maembe yake imefungamanishwa na kitambulisho, nacho kitambulisho kimefungamanishwa na vidole.

Wengi huyatenda haya bila kuuliza, kwa kuwa foleni ni ndefu na karani ana haraka. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo kila raia anastahili kuliuliza kabla ya kunyoosha mkono: alama hizi zikishachukuliwa, ni nani anayeishika sajili, anaitumia kwa kazi gani, na akikosea atashtakiwa wapi? Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini swali hilo lina uzito, na sheria ya Kenya inalijibu vipi.

KIDOLE HUSOMWAJE?

Ngozi ya ncha ya kidole ina michirizi iliyojitokeza, ambayo hufanyika mtoto akingali tumboni mwa mamake na kubaki na umbo lile lile hadi uzeeni. Michirizi hiyo haiendi sambamba daima. Mingine hukatika ghafla, na mingine hugawanyika mara mbili mfano wa njia panda. Tarakilishi hutafuta sehemu hizo za kukatika na kugawanyika, hupima umbali na mwelekeo wa kila moja, kisha huandika vipimo hivyo kwa tarakimu. Tarakimu hizo ndizo hulinganishwa mtu anaporudi siku nyingine na kuweka kidole chake tena. Uso na mboni ya jicho husomwa kwa njia inayokaribiana na hiyo. Elimu hii kwa jumla ndiyo huitwa utambuzi wa kibayometriki.

Mitambo hii hufanya kazi za aina mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni uthibitisho. Mtu hutaja nambari yake, na kidole chake hulinganishwa na rekodi moja tu yenye nambari hiyo. Swali linaloulizwa ni: je, huyu ndiye anayejiita hivyo? Ya pili ni utafutaji. Hapa alama au picha hulinganishwa na rekodi zote zilizomo katika sajili, hata zikiwa mamilioni. Swali sasa ni: huyu ni nani?

Tofauti hiyo ni kubwa. Katika uthibitisho mtu huwepo, hujua na hukubali. Utafutaji unaweza kufanywa bila mhusika kuwa na habari, kwa kutumia picha iliyopigwa na kamera ya barabarani au alama iliyoachwa kwenye glasi ya chai. Sajili iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi ya kwanza inaweza kutumika kwa kazi ya pili bila kumwita mwananchi tena. Kinachoizuia ni sheria, pamoja na uaminifu wa wale wanaoshika funguo.

Aidha, mitambo hii hukosea. Haisemi ndiyo au la kwa yakini, bali hutoa kiwango cha ufanano, na ni binadamu wanaoamua ni kiwango gani kinatosha. Kikiwekwa juu mno, wenye haki hukataliwa. Kikishushwa, walaghai hupenya. Hakuna mahali pa kukiweka panapoondoa makosa yote mawili kwa pamoja.

Nao wanaokataliwa hawapatikani kwa bahati nasibu. Ni wazee ambao ngozi yao imekauka. Ni wakulima, wachonga mawe, wafuaji nguo na waashi ambao saruji na mpini vimesugua michirizi hadi ikafifia. Kwa maneno mengine, mtambo humkataa kwa wepesi zaidi mtu aliyefanya kazi ya mikono maisha yake yote. Katika vijiji vinavyoizunguka Ishiara, watu wa namna hiyo si wachache.

Katika uchaguzi kosa hili limetafutiwa dawa. Kidole kikikataa, karani wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, humtafuta mpigakura kwa nambari ya kitambulisho katika mtambo uitwao KIEMS, fomu maalumu hujazwa mbele ya mawakala, na mtu hupiga kura yake. Utaratibu huo ulitokana na funzo chungu. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, mitambo ya kutambua wapigakura ilikwama katika vituo vingi, mingine kwa kuishiwa na moto wa betri, na makarani wakalazimika kurejelea sajili zilizochapishwa.

Swali ni kama utaratibu wa namna hiyo upo kila mahali kidole kinapodaiwa. Chukua mfano wa ajuza wa miaka 80 aliyefikishwa hospitalini usiku akiwa hoi, naye mtambo ukamkana. Je, ipo njia ya pili iliyoandikwa na kujulikana na kila muuguzi wa zamu? Au matibabu yake yatategemea huruma ya atakayemkuta dirishani? Mahali pasipo na njia ya pili, mtambo uliowekwa kumtambua mwananchi huwa kizingiti cha kumnyima haki yake.

MAJI YAKIMWAGIKA HAYAZOLEKI

Mtu akishuku kwamba nambari yake ya siri ya M-Pesa imejulikana, huibadilisha mara moja. Kitambulisho kikipotea, huomba kingine. Lakini alama za vidole zikiibwa kutoka katika sajili, mwenyewe hana vidole vingine vya kuweka mahali pao. Atabaki navyo, na mwizi atabaki na nakala yake, hadi kaburini.

Hiyo ndiyo sababu wanasheria huiweka data ya kibayometriki katika daraja la habari nyeti, pamoja na habari za afya na za kabila. Madhara yake hayarekebishiki kwa urahisi, kwa hivyo ulinzi hauna budi kutangulia ukusanyaji. Anayekusanya kwanza na kuahidi kulinda baadaye anamtaka mwananchi abebe hatari ambayo yeye mkusanyaji hataibeba.

KUMBUKUMBU YA KIPANDE

Kwa wazee wa Embu na Meru, habari ya serikali kutaka vidole haikuanza na tarakilishi. Ilianza na kipande.

Sheria ya kusajili Waafrika ilipitishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyetimu umri wa miaka 16 awe na cheti chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, kazi alizofanya na saini za waajiri wake. Cheti hicho kilitiwa katika kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mfanyakazi aliyemtoroka mlowezi bila cheti chake kutiwa saini ya kuachishwa alitafutwa kwa rekodi hiyo, akakamatwa na kurudishwa au kufungwa. Kipande hakikuwa cha kumpa Mwafrika huduma yoyote. Kazi yake ilikuwa kumzuia asiondoke.

Haishangazi basi kwamba kipande kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyopingwa na Harry Thuku na wenzake mapema katika miaka ya 1920. Thuku alipokamatwa, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi mnamo Machi 16, 1922. Polisi walifyatua risasi na kuua watu wengi, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru.

Lipo jambo jingine la kuzingatiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ilipofuta kipande na kutunga sheria ya usajili wa watu wa rangi zote, walowezi wa Kizungu walikuja juu. Kuwekwa alama za vidole, walisema, ni kufananishwa na wahalifu. Serikali ilisalimu amri na kuwatafutia njia ya kuepuka wale walioweza kuandika Kiingereza na kutoa picha zao. Kumbe waliolazimisha wengine kwa miaka 30 walikuwa wakijua fika uzito wa jambo lenyewe.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, wakazi wa eneo hili walirudishiwa mzigo huo kwa njia kali zaidi. Wagikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na jamii nyingine kwa kanuni zilizowahusu wao peke yao, zikiwemo za kubeba vitabu vya pasi vya kuonyesha walikoruhusiwa kuishi na kufanya kazi. Katika Operesheni Anvil iliyoanza Nairobi Aprili 24, 1954, wanajeshi na polisi waliuzingira mji, wakawachuja watu wa jamii hizo tatu, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa kambi za vizuizini. Mtu hakuulizwa kwanza ametenda nini. Aliulizwa karatasi zake zinasema yeye ni nani.

Nchi ya Rwanda ina kumbukumbu mbaya kuliko hiyo. Vitambulisho vilivyoandikwa kabila tangu utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930 viliendelea kutumika baada ya uhuru. Mwaka 1994 vilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja lililoandikwa hapo likaamua nani apite na nani auawe. Walioandika sajili hiyo miaka 60 kabla hawakuwa na habari kwamba ingetumiwa hivyo. Ndiyo maana usalama wa sajili haupimwi kwa nia ya serikali iliyopo peke yake. Sajili hurithiwa, na mrithi hajulikani.

MALI BILA DAFTARI

Si haki, hata hivyo, kuzungumzia usajili kana kwamba ni uovu mtupu. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nchi isiyojua watu wake haiwezi kupanga idadi ya madarasa, kulipa pensheni kwa wanaostahili wala kuwaondoa wafanyakazi hewa katika orodha za mishahara. Sajili ya wapigakura yenye alama za vidole imefanya iwe vigumu mtu mmoja kujiandikisha mara mbili au marehemu kupigiwa kura. Hospitali inayotambua wagonjwa kwa uhakika haidai malipo kirahisi kwa matibabu ambayo hayakutolewa.

Isitoshe, asiyesajiliwa huteseka zaidi. Bila kitambulisho, Mkenya hawezi kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu, kupiga kura wala kuajiriwa rasmi. Jamii ya Wanubi, iliyoko nchini tangu enzi za ukoloni, ilipigania vitambulisho kwa miaka mingi huku vijana wake wakihojiwa na kamati za uchunguzi ambazo vijana wa jamii nyingine hawakukabiliana nazo. Kaskazini mashariki, maelfu ya Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi wakati wa ukame ili wapate chakula walinyimwa vitambulisho baadaye, kwa kuwa mtambo ulionyesha kwamba vidole vyao vilikuwa tayari katika sajili ya wakimbizi. Njaa ilipita, lakini sajili haikusahau.

Kwa hivyo hoja haihusu kama tusajiliwe au tusisajiliwe. Hoja ni masharti ya usajili huo, na ni masharti hayo yaliyofikishwa mahakamani.

KUTOKA HUDUMA NAMBA HADI MAISHA NAMBA

Mwishoni mwa 2018, Bunge lilibadilisha Sheria ya Usajili wa Watu kwa kutumia mswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichoanzisha mfumo wa kitaifa wa kuunganisha usajili wote, uliokuja kujulikana kama Huduma Namba. Kifungu hicho kiliruhusu serikali kuchukua alama za vidole, umbo la mkono, sikio, mboni na sauti, na hata chembechembe za urithi, yaani DNA, pamoja na vipimo vya setilaiti vya mahali mtu anapoishi.

Shirika la Nubian Rights Forum na watetezi wengine wa haki walikwenda Mahakama Kuu. Mnamo Aprili 1, 2019, mahakama iliamuru kwamba usajili usilazimishwe, usiwekewe siku ya mwisho, usiwe sharti la kupata huduma, na wala DNA isichukuliwe kesi ikiendelea. Siku iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta alizindua usajili. Kwa muda usiozidi miezi miwili, serikali ilitangaza kwamba zaidi ya watu milioni 35 walikuwa wamesajiliwa. Machifu na manaibu wao walishughulika usiku na mchana, na wengi waliopanga foleni walifanya hivyo wakiamini kwamba wasiposajiliwa wangekosa huduma, ingawa mahakama ilikuwa imesema kinyume.

Angalia mfuatano wa tarehe. Data ilikusanywa Aprili na Mei 2019. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 8, 2019. Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Mavuno yaliingizwa ghalani kabla ya ghala kuwekwa mlango, na mlinzi akaajiriwa mwaka uliofuata.

Mahakama iliona hivyo pia. Mnamo Januari 30, 2020, majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir waliamua kwamba kuchukua DNA na vipimo vya mahali mtu anapoishi kulikiuka Katiba. Kuhusu data nyingine, serikali iliruhusiwa kuendelea kwa sharti kwamba iweke kwanza kanuni kamili za kuilinda. Serikali ilipoanza kutoa kadi, Taasisi ya Katiba na Profesa Yash Pal Ghai walirudi mahakamani, na Oktoba 14, 2021, Jaji Jairus Ngaah akabatilisha hatua hiyo. Sababu yake ilikuwa moja: sheria inataka tathmini ya athari za kulinda data ifanywe kabla ya kazi kuanza, nayo haikuwa imefanywa.

Serikali ya Rais William Ruto ilileta Maisha Namba mwaka 2023. Huu ni mpango wa kumpa kila raia nambari moja tangu kuzaliwa hadi kufa, pamoja na kitambulisho kipya chenye chipu. Nao ulipitia njia ile ile ya korti. Ulisimamishwa Desemba 2023, ukaruhusiwa Februari 2024, ukasimamishwa tena Julai mwaka huo na kuruhusiwa Agosti. Wapo waliochoshwa na mvutano huo na kuuona kuwa upinzani wa maendeleo. Lakini ukichunguza maamuzi yote, utaona kwamba hakuna mahakama iliyokataza Wakenya kusajiliwa. Kilichodaiwa kila mara ni sheria itangulie na mtambo ufuate.

UZI WA SHANGA

Kwa nini nambari moja ya maisha inazua hofu kuliko nambari nyingi za ofisi mbalimbali? Fikiria shanga zilizotawanyika mezani. Shule ina ushanga wake, hospitali wake, benki wake, kampuni ya simu wake na ofisi ya ardhi wake. Kila mmoja unajua kipande kidogo cha maisha ya mtu. Nambari moja ndiyo uzi. Anayeushika anaweza kuinua maisha yote ya mtu kwa mkono mmoja: alikozaliwa, alichougua, anachodaiwa, anachomiliki na anaowapigia simu.

Nao uzi huo tayari umekwisha kutiwa katika shanga kadhaa. Tangu 2010 wenye rununu wametakiwa kusajili laini zao kwa kitambulisho, na mwaka 2022 waliagizwa kuhakikisha usajili huo upya. Simu iliyowashwa huwasiliana na mlingoti ulio karibu, kwa hivyo kampuni hujua mwenye laini yuko Ishiara, Siakago au ng'ambo ya Mto Thuci kule Tharaka Nithi. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, huhifadhi kumbukumbu ya kila senti inayopita. Mijini, serikali ilitia mkataba na kampuni ya Safaricom mwaka 2014 wa kuweka kamera 1,800 za ulinzi Nairobi na Mombasa, kwa gharama ya Sh14.9 bilioni.

Kila moja ya hizi ina faida yake, na majambazi wamekamatwa kwazo. Sheria nayo imeweka mipaka. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutodaiwa habari za familia yake pasipo sababu na ya mawasiliano yake kutoingiliwa. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Ujasusi ya 2012 inaelekeza kwamba kibali cha kuingilia mawasiliano kiombwe kwa jaji wa Mahakama Kuu.

Lakini mipaka ya maandishi hujaribiwa wakati wa joto la siasa. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitangaza mwezi Desemba kwamba visa vya watu kutekwa nyara vilikuwa vimefikia 82. Kaunti ya Embu haikusazwa. Polisi walikana kuhusika. Wengi walijiuliza: hao waliowachukua vijana hao walijuaje walikokuwa? Swali la namna hiyo linapoulizwa katika nchi iliyo na sajili kubwa, jibu la serikali halifai kuwa ahadi tupu. Linafaa kuwa rekodi inayoonyesha ni nani aliyeifungua sajili, lini, na kwa kibali cha jaji yupi.

SI SERIKALI PEKE YAKE

Ingekuwa kosa kudhani kwamba hatari hutoka serikalini tu. Julai na Agosti 2023 maelfu ya Wakenya walijazana katika jumba la KICC na kwenye maduka makubwa ya Nairobi ili kampuni ya Worldcoin ipige picha mboni za macho yao, kwa malipo ya sarafu za kidijitali zilizokadiriwa kuwa Sh7,000 hivi. Serikali iliisimamisha shughuli hiyo Agosti 2, 2023. Mnamo Mei 5, 2025, Jaji Roselyne Aburili aliamuru data hiyo ifutwe katika muda wa siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Jaji alisisitiza haja ya idhini halali, na ni dhahiri kwamba idhini inayonunuliwa kwa mtu mwenye dhiki haiwi huru.

Hata mifumo ya umma huweza kuwa mikononi mwa watu binafsi. Katika ripoti iliyotolewa mwaka 2025, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alisema kwamba mfumo wa afya wa Sh104.8 bilioni unaotumiwa na SHA haumilikiwi na serikali. Mgonjwa anayeweka kidole hospitalini ana haki ya kujua kinafikia wapi.

HAKI ZAKO KISHERIA

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mwananchi haki ambazo wengi hawajazisikia. Ana haki ya kuelezwa habari zake zinatakiwa kwa kazi gani. Ana haki ya kuona kile kilichohifadhiwa kumhusu, kupinga kisitumiwe, kudai kirekebishwe kikiwa na makosa, na kudai kifutwe kikiwa cha uongo au kilichopotosha. Aliyekusanya kwa kazi moja hapaswi kutumia kwa nyingine isiyohusiana nayo.

Anayekiuka anaweza kulalamikiwa kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka akamilishe uchunguzi katika siku 90. Faini inaweza kufikia Sh5 milioni. Mwaka 2023 Kamishna alionyesha kwamba sheria hiyo ina meno: shule moja ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Udhaifu upo pia. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kando ya masharti yake shughuli za usalama wa taifa, na neno usalama huweza kunyooshwa likafunika mengi. Kamishna naye anatarajiwa kuisimamia serikali ile ile inayompa bajeti. Tena ni vigumu kwa mkulima wa Ishiara kulalamika kuhusu sajili ambayo hajawahi kuonyeshwa.

Hata hivyo, lipo linalowezekana leo. Mtu anapoombwa kidole, uso au nakala ya kitambulisho, iwe ofisini, hospitalini au langoni mwa jumba, na aulize maswali manne. Inahitajika kwa kazi gani? Ni sheria ipi inayoidai? Nani mwingine ataiona? Kidole kikikataa, njia ya pili ni ipi? Karani asiyeweza kujibu si lazima awe mkaidi. Huenda naye hajawahi kuelezwa, na swali hilo likiulizwa na watu kumi kwa siku litapanda hadi kwa mkubwa wake.

Viongozi wanaotoka eneo hili nao wanaweza kuulizwa baraza linapoitishwa: je, zahanati na hospitali zetu zina utaratibu ulioandikwa kwa wazee ambao vidole vyao vimefutika? Hilo halihitaji wakili wala safari ya Nairobi.

Babu aliyevaa kikebe cha kipande shingoni hakuwa na ruhusa ya kuuliza hata moja kati ya hayo. Aliyemwandika alijua yote kumhusu, naye hakujua lolote kuhusu aliyemwandika. Mjukuu wake anayeweka kidole kwenye mtambo mpya ana Katiba, sheria na Kamishna. Tofauti kati ya wawili hao itakuwa kubwa kadiri mjukuu atakavyozitumia.